Sanduku la Mwalimu: "Last night" ni yambwa au si yambwa?

Barua za mwezi huu zimefanana kama watoto wa tumbo moja. Tano kati yake zinauliza, kila moja kwa njia yake, fungu fulani la maneno katika sentensi ya Kiingereza "ni nani". Nilifundisha Kiingereza miaka 31 katika shule za sekondari mkoani Tanga, na nimeona swali hili likiwatoa machozi watoto wenye akili nzuri kabisa. Mengine yote nimeyaweka kando hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa. Kwenye jaribio tulipewa sentensi "She arrived last night" tuichanganue. Niliandika "last night" ni yambwa, kwa sababu ni kirai nomino na kimekuja baada ya kitenzi. Nikakoseshwa. Nilipouliza nikaambiwa ni kielezi. Lakini kamusi inasema "night" ni nomino. Imegeuka lini?

Marahaba mwanangu. Haijageuka. Nusu ya jibu lako ilikuwa sahihi, na ningekuwa mimi nasahihisha ningekupa nusu ya alama. "Last night" ni kirai nomino kweli: neno lake kuu ni "night", nalo ni nomino leo na kesho. Ulipokosea ni pale uliporuka kutoka "ni kirai nomino" hadi "basi ni yambwa". Na aliyekwambia ni kielezi ameruka vilevile, ila kwa kurudi nyuma: ameona kazi kinayoifanya, akakibadilisha jina la aina.

Yapo maswali mawili hapa, na kila moja lina jibu lake. La kwanza: hiki ni kitu gani? Hapo utajibu kirai nomino, kirai kitenzi, kirai kihusishi, yaani fungu la maneno linaloongozwa na nomino, na kitenzi, au na kihusishi kama "from" na "to". La pili: humu ndani ya sentensi kinafanya kazi gani? Hapo utajibu kiima ("subject"), yambwa ("object"), kijalizo ("complement"), au chagizo, yaani fungu la nyongeza linalotaja mambo kama wakati, mahali au namna. Chukua kanga. Unaijua kwa pindo lake, mji wake na jina lake. Asubuhi mama amejifunga kiunoni, mchana amembebea mtoto mgongoni, jioni ameiviringisha ikawa kata, akajitwika ndoo. Ukiuliza "ni nini hiki?" utajibiwa ni kanga. Ukiuliza "ni ya nini?" utajibiwa ni mbeleko. Hakuna anayedhani kwamba kubebea mtoto kumeifanya isiwe kanga.

Sasa weka sentensi mbili mezani: "She arrived last night" na "She enjoyed last night". Ya kwanza, alifika jana usiku. Ya pili, aliufurahia usiku wa jana. Maneno ya mwisho ni yaleyale, herufi kwa herufi. Zijaribu. Weka "it" mahali pake: "She enjoyed it" inasimama, "She arrived it" inaanguka. Igeuze iwe ya kutendwa: "Last night was enjoyed by her" ni nzito mdomoni lakini ni Kiingereza, "Last night was arrived by her" si Kiingereza cha mtu yeyote. Uliza swali: kwa "enjoyed" utauliza "what", kwa "arrived" utauliza "when". Kisha kitoe kirai chenyewe: "She arrived" inabaki sentensi kamili, lakini "She enjoyed" inabaki imening'inia, msikilizaji anasubiri. Basi katika sentensi ya pili "last night" ni yambwa, wenzetu wa Kenya husema shamirisho, na katika ya kwanza ni chagizo. Kirai nomino mara zote mbili. Na ukiandika "Last night was cold", kirai hichohicho kimekuwa kiima.

Nimelishikilia hili kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe. Nikiwa kidato cha pili tulifundishwa kwamba kiima ni mtenda jambo. Siku ya mtihani ikaja "The boy was bitten by a snake", nami nikaandika, bila wasiwasi, kiima ni "a snake", maana nani aliuma? Nikapata sifuri, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilijifunza chuoni, miaka sita baadaye, kwamba "mtenda" ni jibu la swali la tatu kabisa, swali la maana: katika tukio lile nani alifanya nini. Kiima ni suala la muundo wa sentensi. Na lugha yangu ilikuwa inanionyesha siku zote: "Mtoto aliumwa na nyoka." Geuza mtoto wawe wengi, "Watoto waliumwa na nyoka", kitenzi kinageuka. Ongeza nyoka wawe kumi, kitenzi hakitikisiki. Kinamfuata mtoto, ingawa mtoto yule hakufanya lolote ila kupita njia.

Mwanaisimu wa Marekani Noam Chomsky alilisema jambo hili waziwazi mwaka 1965: kiima si aina ya kirai, ni uhusiano. Katika mchoro wa matawi, ule unaoonyesha mafungu ya maneno yanavyogawanyika kutoka kwenye sentensi, kirai nomino kinachoning'inia moja kwa moja kwenye sentensi ndicho kiima chake. Kinachoning'inia ndani ya kirai kitenzi ndicho yambwa. Huhitaji kuandika neno "kiima" kwenye mchoro, mahali penyewe panasema.

Neno "mahali" lina uzito wa pekee kwa Kiingereza. Sisi tunaweza kusema "Mtoto amekichukua kitabu", "Kitabu mtoto amekichukua", "Amekichukua kitabu mtoto", na hakuna atakayepotea, kwa sababu "a" na "ki" ndani ya kitenzi zimeshatoa ushahidi. (Wote wawili wakiwa wa ngeli moja, kama mtoto na nyoka, hata sisi hurudi kutegemea mpangilio.) Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na alama zake. Zama za mfalme Alfred wa Wessex, huko Uingereza, karne ya 9, mfalme akiwa kiima aliitwa "se cyning", akiwa yambwa aliitwa "þone cyning". Alama hizo zilififia katika karne zilizofuata, zikabaki chache kwenye viwakilishi, kama "he" na "him". Kazi zilizokuwa zikifanywa na alama zikahamia kwenye mpangilio. Ndiyo maana "The child has taken the book" ukiigeuza unapata kitabu kinachochukua mtoto.

Mwonyeshe mwalimu wako zile sentensi mbili kwa adabu, pamoja. Usianze na neno "kosa".

Mwalimu, mimi nina duka Kariakoo. Niliandika tangazo "The list of prices are on the wall". Mteja akaniambia ni "is". Mbona bei ni nyingi?

Bei ni nyingi, lakini zilizobandikwa ukutani si bei, ni orodha. Itamke kwa Kiswahili: "Orodha ya bei iko ukutani." Au chukua mfano ambao ngeli zake zinaachana: "Kikapu cha machungwa kimeanguka." Hata mtoto wa chekechea hasemi "yameanguka", ingawa machungwa ndiyo yaliyo karibu na kitenzi. Neno kuu ni kikapu. "Cha machungwa" kimening'inia chini yake. Kiingereza ni hivyohivyo: "The basket of oranges has fallen", "The list of prices is on the wall". Kila ukiwa na shaka, itafsiri kwanza kwa Kiswahili kisha sikiliza kitenzi kimefuata nini.

Ila angalia: pakiwa hakuna "of", neno kuu la Kiingereza huhamia nyuma. "Water tank" ni tangi la maji, "tank water" ni maji ya tangi. Sisi tunaanza na mkubwa, wao wanamalizia naye.

Assalaam aleykum Bi Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Mombasa. Niliacha karatasi kwa mwenzangu wa zamu ya usiku: "Please call the guest from Room 12." Nilitaka ampigie mgeni anayekaa chumba namba 12. Yeye akapanda juu hadi chumba namba 12, kilichokuwa kitupu wakati ule, akatumia simu ya mle kumpigia mgeni mwingine aliyekuwa akisubiri teksi. Tukagombana. Nani alikosea?

Waaleykum salaam mwanangu. Hakuna aliyekosea, na naomba mpatane leo. Karatasi ile ilikuwa na sentensi mbili zilizovaa nguo moja.

Kuna jambo ambalo macho hayalioni: maneno katika sentensi hayapangwi kama shanga kwenye uzi. Yanafungwa mafungu, fungu ndani ya fungu, kama bahasha ndani ya bahasha. Mwanaisimu mwingine wa Marekani, Leonard Bloomfield, alilionyesha hilo mwaka 1933 kwa sentensi ya maneno manne, "Poor John ran away". Mwambie mzungumzaji yeyote wa Kiingereza aikate mara moja tu: ataikata baada ya "John", apate "Poor John" upande huu na "ran away" upande ule. Hakuna atakayekata baada ya "Poor". Mwaka 1957 Chomsky aliyaandika mafungu hayo kama kanuni: sentensi ni kirai nomino na kirai kitenzi, kirai kitenzi ni kitenzi na kirai nomino, na kuendelea hivyo hadi ufike kwenye maneno yenyewe.

Kwenye karatasi yako kirai kihusishi ni "from Room 12". Swali ni kimefungwa kwenye bahasha ipi. Wewe ulikifunga pamoja na "the guest": mgeni yupi? Wa chumba namba 12. Mwenzako alikifunga pamoja na "call": apige kutokea wapi? Chumba namba 12. Kwako kilikuwa kinafafanua nomino, kwake kilikuwa chagizo ya kitenzi. Wino hauna njia ya kuonyesha bahasha.

Lakini kuna njia ya kuifungua. Weka "him" badala ya mgeni: "Call him from Room 12." Maana yako imekufa papo hapo, imebaki ya mwenzako tu. Sababu yake ni kwamba "him" hakikai mahali pa neno moja "guest". Kinakaa mahali pa kirai nomino kizima. Kama "from Room 12" kilikuwa ndani ya kirai hicho, kingemezwa pamoja nacho. Kama kimebaki nje, basi kilikuwa nje tangu mwanzo. Njia nyingine, kitangulize: "From Room 12, call the guest." Hapo pia anabaki mwenzako peke yake. Na sentensi "The guest from Room 12 was called" inaielekea sana maana yako, kwa sababu fungu zima limehama likiwa limekamatana.

Nitakwambia kinachonifurahisha katika kisa hiki. Ungeandika kwa Kiswahili "Mpigie mgeni wa chumba namba 12", ugomvi usingezaliwa, kwa sababu "wa" imeshikana na mgeni kwa ngeli yake. Mwenzako angetaka maana yake ingembidi aseme "ukiwa chumba namba 12". Ila ukiandika "mpigie mgeni kutoka chumba namba 12", kama wengi wanavyoandika siku hizi kwa kuifuata "from", utakuwa umeuleta utata wa Kiingereza nyumbani kwetu bila sababu. Usiiache "wa" yetu. Na kwa Kiingereza, siku nyingine andika "the guest in Room 12", au "the guest who is staying in Room 12", kazi imekwisha.

Mwalimu wangu, nakuandikia kutoka Muscat, nafanya kazi hospitalini. Msimamizi ananisahihisha kila siku. Nasema "The doctor explained me the medicine", anasema hapana. Nasema "Open me the door", anasema hapana. Lakini "Give me the file" anakubali. Mimi naona zote ni sawa. Nimechoka.

Pole dada yangu. Unaziona sawa kwa sababu katika lugha yako ni sawa: nipe faili, alinieleza dawa, nifungulie mlango. Kote "ni" imekaa ndani ya kitenzi kwa amani. Kiswahili kina ufunguo ambao Kiingereza hakina. Chukua "funga" utapata "fungia", "soma" utapata "somea", "pika" utapata "pikia", na kila mara kitenzi kimefunguliwa nafasi ya mtu wa pili, yule anayetendewa.

Kitenzi cha Kiingereza hakifunguliwi. Kila kimoja kimezaliwa na idadi ya viti vyake. "Give", "send", "show", "tell", "teach" vina viti viwili vya yambwa: "He gave me the file", yambwa mtendewa kwanza, yambwa tendwa baadaye. "Explain" kina kiti kimoja tu cha yambwa, na kimeshakaliwa na dawa. Wewe unayeelezwa unaingia kwa mlango wa kirai kihusishi: "The doctor explained the medicine to me." Vivyo hivyo "Describe the pain to me", "Say it to me". Na kwa "open", "Open the door for me". Huoni hasara ya maana. Kilichobadilika ni muundo tu. Unayeelezwa ni wewe yuleyule, lakini katika "gave me" umekuwa kirai nomino, na katika "explained to me" umeingia ndani ya kirai kihusishi.

Utatambuaje vyenye viti viwili? Si kanuni ya chuma, lakini vingi vya asili ya Kiingereza chenyewe, vifupi vifupi, vinavyo. Vingi virefu vilivyotoka Kilatini, kama "explain", "describe", "donate", havina. "Promise" kinavunja kanuni hiyo: "She promised me a job" ni sawa. Kwa hiyo usijifunze kitenzi peke yake. Kiandike daftarini na viti vyake: si "explain", bali "explain kitu to mtu". Fanya hivyo kwa vitenzi kumi unavyovitumia zaidi wodini. Na hukosei kwa uzembe, unakosea kwa sababu unaijua vizuri lugha yako. Usikubali uchovu ukufanye unyamaze kazini.

Mwalimu, habari za kazi. Mtoto wangu wa darasa la sita hapa Nakuru alipewa "There are three goats in the garden" ataje kiima. Akasema "three goats". Mwalimu wake akasema ni "there". Mtoto amekataa katakata na mimi sijui nimtetee nani. Pia anauliza, katika "It is raining", "it" ni nani?

Nzuri, mama. Mpe mwanao pongezi zangu kwa kukataa, halafu mkalishe msome haya pamoja.

Mwalimu wake ana ushahidi. Kiima cha Kiingereza huruka kitenzi sentensi ikiwa swali: "He is here" huwa "Is he here?" Hapa anayeruka ni nani? "Are there three goats in the garden?" Ni "there". Kiima pia hurudi kwenye kile kiulizo cha mwishoni: "He is here, isn't he?" Hapa tunasema "There are three goats, aren't there?" Ni "there" tena. Kwa mahali panapokaliwa na kiima, mwalimu ameshinda.

Lakini mtoto naye hakubahatisha. Akiwa mbuzi mmoja tutaandika "There is a goat", wakiwa watatu "There are three goats". Kitenzi kinawahesabu mbuzi. Mtoto wa Kiswahili amezoea kwamba kinachofuatwa na kitenzi ndicho kiima, basi amefuata alichofundishwa na mama yake. Ukweli ni kwamba kazi za kiima, ambazo kwa kawaida hubebwa na kirai kimoja, hapa zimegawanywa: "there" imekalia kiti, mbuzi wameshika idadi. Kwenye mtihani na aandike "there". Nyumbani ajue kwa nini alisita.

Na "it" ya mvua si mtu, si kitu, wala huwezi kuiuliza. Ukisema "It is eating", mtu atauliza "What is eating?" Ukisema "It is raining", hakuna awezaye kuuliza "What is raining?" Kiingereza hakivumilii sentensi ya taarifa yenye kiti cha kiima kitupu, hivyo kikikosa wa kukikalia kinaweka "it".

Akiona ajabu, muulize sisi tunasemaje asubuhi. Kumekucha. Nani amekucha? Hakuna. Ile "ku" imekaa mahali pa kiima kwa sababu kitenzi chetu nacho hakitoki nje bila kiambishi mbele. Tena mwambie aseme "Kumeingia mbuzi bustanini", kisha "Mbuzi wameingia bustanini", aangalie kitenzi kinafuata nini kila mara. Katika ya kwanza mbuzi wamo, wanakula mchicha wenu, na kitenzi hakijawafuata.